Ile Hela Itume Huku

Ukiwa na laini ya simu Tanzania, umeshaupata ujumbe huu: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja…" halafu linafuata jina la mtu ambaye hata ukikuna kichwa mpaka kesho humjui. Hakuna salamu, hakuna "mimi ni fulani". Watu wengi wanaucheka ujumbe huu, wanasema ni wa kijinga. Mimi namvulia kofia aliyeutunga, maana anatujua kuliko tunavyojijua. Jina lako hana, wala hajui kama unakaa Temeke au Tandahimba. Anachojua ni kwamba hakuna mtu mzima katika nchi hii asiye na "ile hela". Ipo ya mchango wa harusi ulioahidi kikaoni mbele ya wakwe, ukapigiwa makofi. Ipo ya kikoba. Ipo ya kodi. Ipo ya fundi uliyembakizia ili arudi kumalizia mlango, naye harudi mpaka umalizie hela. Jamaa anarusha ujumbe kwa namba chungu nzima, anakaa kitako. Hatafuti mjinga. Anatafuta mdaiwa mmoja mwaminifu ambaye dakika ile ana simu mkononi na nia ya kulipa.

Jirani yangu, fundi seremala, ndiye mdaiwa mwaminifu wa mtaa wetu. Alikuwa anasubiri muuza mbao amtumie namba. Ujumbe ukaingia, akatuma hela, akaingia mkenge. Mkewe alipomuuliza kwa nini hakuangalia jina, mwanamume alikasirika kweli kweli: "Nimeangalia! Alisema litakuja fulani, na likaja hilo hilo!" Ukweli ni kwamba alikuwa na hoja. Jina liliwekwa litokee kabla hujaingiza namba ya siri ili ujiridhishe. Tapeli akaona isiwe taabu, nitalitaja mwenyewe mapema, na kile kilichowekwa kuwa kinga kikamgeukia kuwa mdhamini. Katika muamala mzima ule, aliyesema kweli bila kupunguza neno ni mwizi.

Baada ya hapo jirani akaokoka. Akaijua namba ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, yaani 15040, kuliko namba ya mkewe. Unautuma huko ujumbe wa kitapeli kama ulivyo, mfumo unakujibu ukitaka namba ya aliyekutumia, unaiandika, kazi imekwisha. Seremala akawa anasubiri matapeli kwa hamu, na wao, kama kawaida yao, wakati unawataka hawaji.

Akaja mwenye nyumba wake. Simu ya mzee ilitumbukia chooni, akaazima ya mkewe, na katika maneno yote yaliyomo kwenye Kiswahili akachagua haya: "Ile kodi itume kwenye namba hii, jina litakuja la mama watoto." Jirani akautuma 15040, akajaza na namba bila kukosea tarakimu hata moja, kisha akamwandikia mhusika ushauri wa bure kuhusu kumcha Mungu na kutafuta kazi halali. Jumamosi mzee akabisha hodi, simu ya mkewe kaishika mbele kama kitambulisho. "Ni wewe uliyeniambia nikalime?" Mpaka leo mtandao wa mama yule ukikatika, hata kama mvua inanyesha na mtaa mzima hauna mtandao, lawama ni za seremala.

Wenzetu wa Kenya wana utapeli wao. Unapata ujumbe kwamba umepokea pesa, na kabla hujamaliza kumshukuru Mungu anapiga mtu analia: ametuma kimakosa, ilikuwa karo ya mtoto, tafadhali rudisha. Wakenya hutania kwamba simu hizo zinapigwa kutoka gereza la Kamiti, na utani huo una ukweli wa kutosha kuwanyima raha askari magereza. Dawa ni kuangalia salio badala ya ujumbe. Aliyekosea kweli ana njia yake: anautuma ujumbe wa muamala kwenda 456, Safaricom inashughulikia. Lakini nani kati yetu ana ubavu wa kumwambia mtu anayelia, "Ngoja kwanza niangalie salio"?

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Tumelelewa vizuri mno. Wanaotushauri kuhusu matapeli wanasema kata simu, kana kwamba kukata simu ni jambo dogo. Mtu kakuamkia, utamkatiaje? Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, alipigiwa na kijana aliyejitambulisha kuwa anatoka makao makuu ya mtandao, kitengo cha kuhakiki laini. Kijana alianza na "Shikamoo mama". Kwa Shangazi mazungumzo yakawa yameshafunguliwa rasmi. "Marahaba mwanangu, hujambo? Nyumbani hawajambo? Kwenu wapi?"

Kijana akasema laini yake itafungwa leo hii, aisome namba aliyotumiwa kwenye ujumbe. Shangazi akasema sawa, ila ujumbe uko ndani ya simu, na simu iko sikioni.

"Itoe sikioni, mama, uangalie."

"Nikiitoa sikioni sitakusikia mwanangu."

"Weka spika."

"Niweke wapi?"

Akaenda kutafuta miwani. Huku nyuma kijana akasikia kuku wanafukuzwa, mlango unafunguliwa, mtu anasalimiwa, habari za msiba zinaulizwa. Shangazi akarudi bila miwani, akamwomba aeleze upya tangu mwanzo, taratibu, maana yeye alikuwa anafundisha darasa la kwanza na anajua haraka haifai. Kijana akaanza kupandisha sauti: "Mama, mbona huelewi?" Shangazi akanyamaza kidogo, kisha kwa ile sauti iliyowahi kunyoosha vizazi vya watoto wa Tanga akamuuliza, "Huko makao makuu hamkufundishwa subira?" Kijana akaomba radhi. Naapa, aliomba radhi. Mwishowe vocha yake ikakatika, na Shangazi akakaa akingoja apige tena, akisikitika kwamba mtoto wa watu atagombezwa kazini.

Tulipomweleza ni nini kilichokuwa kinatafutwa, alikasirika, akatuwekea sheria. Yeyote atakayepiga kwa namba ngeni ataulizwa swali, akishindwa si ndugu. Haikupita muda binamu yangu akaibiwa simu stendi ya Nyegezi, Mwanza, akaazima ya mtu aombe nauli. Shangazi akamuuliza: "Siku ya ndoa yako nilikupa nini?" Binamu akasema vyombo. Shangazi akakata. Alikuwa amempa mkeka na jozi ya kanga za mkewe. Binamu akalala stendi. Alipofika na malalamiko yake, alijibiwa kwa utulivu: "Tapeli asingejua. Na wewe hukujua. Sasa tofauti yenu iko wapi?" Ukoo mzima ukashindwa kuionyesha.

Mjomba naye walimwiba mzima mzima. Mtu alimwandikia kwamba amemtumia tarakimu sita kimakosa, amrudishie. Mjomba ni muungwana, akarudisha, na WhatsApp yake ikahama na kwenda kwa huyo mtu. Tarakimu zile ndizo ufunguo. Hazipaswi kwenda kwa yeyote, hata aape kwa kaburi la babu. Jioni "Mjomba" akaanza kuomba mkopo kwenye kundi la familia. Tulimgundua papo hapo. Aliandika "tafadhali". Akaweka na nukta mwisho wa sentensi. Mjomba tunayemjua angetuma sauti ya dakika tano yenye jogoo ndani, na asingeomba, angetoa maagizo.

Lakini hao walau wanahangaika kuuliza. Mambo mengine tunayagawa wenyewe bure. Siku hizi mimi nasoma vitumbua. Mama wa kona ya kwetu anavifungia kwenye karatasi anazonunua kwa kilo kutoka kwa kijana anayezitoa maofisini, na asubuhi moja kitumbua changu kilikuja ndani ya fomu ya maombi ya mkopo. Jina kamili, mwajiri, simu, jina la mke, namba ya NIDA, na mafuta ndiyo kwanza yanaanza kulamba sahihi. Chai haijaisha nimeshajua mshahara wa mtu, na moyoni nimeshaona mkopo hautamtosha. Ile namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kisha jiulize ni wangapi wameweka mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya kutolea hela. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Kwenye kona ya vitumbua haijafika. Niliichana ile fomu vipande vipande na kuvitupia kwenye jiko la mama yule, naye akaanza kunitazama kwa jicho la kuuliza ninaifanyia nini biashara yake.

Halafu kuna daftari la getini, lenye kalamu iliyofungwa kamba isiibwe. Kalamu inalindwa, namba yako ya simu iko wazi kwa kila atakayeandika mstari unaofuata. Jina, simu, unatoka wapi, unamwona nani, sahihi. Siwezi kulilaani moja kwa moja kwa sababu dada yangu mdogo alipata mume humo: kijana alisoma mstari wa juu, akapiga jioni. Wana watoto wawili. Shemeji ni mtu mzuri, ila sheria haikumruhusu.

Na kwa wakala usiseme. Kuna mzee anakuja pale kwetu, masikio yamechoka kidogo, anampa kijana simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti ya adhana, kwa imani kwamba kama yeye hasikii vizuri basi na sisi wengine hatusikii. Foleni nzima tunatazama pembeni kwa heshima, tunajifanya tunahesabu nzi.

Ila ujanja ulionikosha kuliko yote ni wa kidole. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulikazwa, na Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Watu tukajipanga foleni kwenye miavuli ya mawakala, tukakabidhi vidole. Baadhi ya wale vijana wa miavuli wakagundua neno lenye utajiri: "Haijasoma, bonyeza tena." Kidole cha kwanza kinasajili laini yako. Cha pili kinasajili laini ya mtu ambaye wiki ijayo atawaandikia wenzako kuhusu ile hela, na polisi wakifuatilia watakukuta wewe, unakunywa chai. Ubaya ni kwamba mara nyingine haijasoma kweli. Seremala, mkulima, dobi, hao alama zao kazi imeshazifuta. Wanabonyeza mpaka kidole kinapata joto. Hutamjua mkweli na mwizi kwa neno hilo, wote wanalisema.

Ndiyo maana kila ninayemkuta namwambia apige *106# aone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Niliipiga kwenye simu ya Shangazi, ikaonekana kuna moja asiyoijua. Mimi nikataka tukaifute. Yeye akataka kwanza tuitafute tuipigie, maana aliyesajiliwa kwa jina lake, kwa hesabu zake, ameshakuwa mtu wa nyumbani, na ana mawili matatu ya kumwambia.

Tukaenda ofisi ya huduma kwa wateja kuikana laini. Na laini huikani kwa mdomo, unaikana kwa kidole. Kijana wa kaunta akasogeza kile kifaa. Shangazi akaweka kidole gumba. Vidole vyake vimeshika chaki maisha yake yote.

"Haijasoma mama. Bonyeza tena."

Shangazi akauvuta mkono, akauficha ndani ya kanga. "Mara ya pili ya nini?"

Kijana akaeleza. Shangazi akamuuliza siku ya kwanza ya ajira yake alivaa shati gani. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Mlinzi akasogea, akarudi nyuma alipoona umri. Nikajaribu kumshawishi, nikaambiwa hata mimi nimekuja na simu mpya siku hizi. Ikabidi meneja atoke ndani mwenyewe, mtu wa makamo mwenye tai. Akaigeuza kompyuta imwelekee ili ajionee kila kinachofanyika, akamweleza hatua kwa hatua. Shangazi hata hakuitazama. Alikuwa anamtazama yeye usoni, anangoja kitu. Meneja akainama kidogo: "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akasema Shangazi, na akaweka vidole vyote kumi mezani.