Makopo ya Usiku
Shoga yangu wa kata ya Ulaya, kule Kilosa, kila usiku anapanga makopo mezani utadhani kafungua duka la dawa. La kwanza la kung'arisha, la pili la kulainisha, la tatu la kutibu lilichoharibu la kwanza. Mkorogo wenye zebaki hauna haya: uso unang'aa, figo zinalia. Haidrokwinoni nayo ni marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 msimamizi wa vipodozi ni Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Lakini yeye anamwamini zaidi muuzaji wa gulioni aliyebandua lebo. Ngozi usiku haina makuu: maji, sabuni isiyo kali, mafuta ya mgando. Chenji ikibaki, shoga, nunua chandarua. Mbu hawabagui rangi.