Kawaida Ni Digrii Ngapi?

Nyoo! Laptopu ya shilingi 140,000 inazimika yenyewe kabla mechi haijafika mapumziko, halafu aliyeiuza anajibu kwa simu, kwa sauti ya mtu anayekunywa chai, kwamba hiyo ni kawaida ya laptopu za gemu. Kawaida ya nani? Mwaka 2023, serikali ilipotangaza shilingi 4,000 kwa gunia la mahindi la kilo 90, hela hizo zilikuwa magunia 35. Na magunia hayo ukiyafikisha kwenye ghala la Bodi ya Nafaka, hakuna anayekuuliza kama unyevu wake ni wa kawaida. Kipimo kinachukua punje, kinasoma. Ukizidi asilimia 13.5, rudi nyumbani ukaanike. Mkulima wa huku hupimwa kwa nambari yenye nukta, lakini akinunua kitu Nairobi anapimiwa kwa neno tupu.

Mwenye laptopu ni kijana wetu wa hapa Kachibora, Trans Nzoia, wa kijiwe cha steji, pale wanaboda wanapongoja abiria wa kwenda Kapcherop. Ana waranti ya mwaka mmoja na mwaka bado haujaisha. Risiti anayo. Hata boksi analo, kaliweka juu ya kabati la mama yake. Kila kitu anacho isipokuwa laptopu inayofanya kazi.

"Laptopu ya michezo!" Mwalimu mstaafu alisonya hadi chapati ikasimama mkononi. "Ungenunua ng'ombe wa gredi."

"Ng'ombe naye hushikwa na ndigana, Mwalimu, na hana waranti."

Kijiwe kikacheka, lakini Mwalimu hakucheka. Na mimi nitamtetea kijana hapo, maana wazee wanasikia neno gemu wanadhani ni upuuzi mtupu. Kadi ya grafiki inayochora nyasi za uwanja kwenye gemu ya soka ya EA FC ndiyo hiyo hiyo inayomalizia video ya mazishi ya saa tatu kabla wageni hawajarudi Bungoma. Laptopu ya ofisi ukiipa kazi hiyo jioni, utaikuta asubuhi bado inahesabu. Kijana anakata video za harusi na matanga, na usiku anacheza. Dereva wa matatu akiwabeba watoto wake kwenda kanisani Jumapili, nani humwambia gari lile ni la starehe?

Ugomvi mkubwa ulizuka kuhusu baridi. Mzee mmoja mwenye shamba upande wa milimani alishikilia kwamba Kachibora hii, ya kuvaa koti hadi saa nne asubuhi, haiwezi kuchemsha kitu. Kama kinachemka, basi kijana anakifunika blanketi. Hoja yake ina nusu ya ukweli. Hewa baridi husaidia kupoza. Lakini Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na sisi ni majirani zake. Huku juu hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 20, zote mbili zikiwa na joto sawa. Feni inazunguka ile ile, ila inasukuma hewa pungufu. Tunachopewa na baridi kinapunguzwa na wembamba wa hewa. Watengenezaji wanajua haya: vitabu vingi vya laptopu hutaja mita 3,048 kuwa mwisho wa kuitumia. Sisi tuko chini ya hapo kwa mbali. Labda mtu akacheze gemu kwenye vilele vya Cherang'any vinavyopita mita 3,300, huko muuzaji atakuwa na la kusema.

Vumbi nalo halina utetezi. Mashine za kupukuchua mahindi zikianza kunguruma kuanzia Oktoba, makapi yanaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Laptopu ya gemu ina feni mbili zinazovuta hewa kwa chini na kuitoa kwa nyuma na ubavuni, zikiipitisha kwenye vibati vyembamba vya shaba au alumini vilivyopangwa kama meno ya kitana. Makapi yakishajaza nafasi hizo, joto linabaki ndani. Dawa yake ni kufungua kifuniko cha chini na kusafisha.

Aka! Hapo ndipo mtego ulipo. Kwenye skrubu moja kuna kibandiko kidogo kama kucha: kikitoka, waranti imekufa. Kwa hiyo kijana akiisafisha, amevunja waranti. Asipoisafisha, wanamwambia hakuitunza. Akiipeleka Nairobi kusafishwa, ni kilomita 380 hivi kutoka Kitale, na dukani watasema iache wiki mbili. Fundi wetu wa simu, ambaye mikono yake imefufua vitu vingi hapa steji, aliitazama akairudisha. "Hii siigusi, ndugu yangu. Nikiifungua, kila kitakachoharibika baadaye kitakuwa ni mimi." Fundi mwenye busara. Wangapi wangejifanya wanajua, wakaondoka na skrubu mbili zimebaki mezani?

Kibandiko hicho kina hadithi yake. Aprili 2018, tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliyaandikia makampuni sita makubwa, yakiwemo Microsoft, Sony, Nintendo na ASUS, ikiyaonya kwamba kumtisha mteja kuwa waranti itakufa kwa sababu ya kibandiko au kwa kutumia fundi wa nje kwa kawaida ni kinyume cha sheria ya huko. Mwaka 2024 ikaandika tena, safari hii kwa ASRock, Zotac na Gigabyte, wote watu wa vifaa vya gemu. Sheria ya Marekani haitawali Kachibora, najua. Lakini mashine inatoka kiwanda kile kile. Mteja wa Texas anaambiwa kibandiko hakina nguvu, wa Trans Nzoia anaambiwa ni kufa na kupona.

Turudi kwa neno kawaida. Muuzaji hasemi uongo mtupu, na ndiyo maana anashinda. Prosesa nyingi za Intel kwenye laptopu zimewekewa mpaka wa digrii 100. Za AMD nazo hazipishani sana na hapo. Zikikaribia hapo zinajipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Laptopu ya gemu kusoma digrii 85 au 90 mchezo ukiwa umekolea si ajabu. Prosesa na kadi ya grafiki zikishirikiana hula wati mia na zaidi, zote zimebanwa kwenye kitu chembamba kuliko Biblia. Ukipiga simu kusema "laptopu yangu ni moto", umempa muuzaji mpira golini. Moto ni moto gani? Mama wa chapati akigusa atasema si moto. Yeye hugeuza chapati kwa vidole.

Kwa hiyo ongea nambari. Kuna programu za bure, HWiNFO na HWMonitor, zinazoonyesha joto la kila kiini cha prosesa, kasi yake na mzunguko wa feni. Washa moja, cheza nusu saa, rekodi skrini kwa simu ukionyesha na tarehe. Angalia kama joto linaruka hadi mpaka wa juu sekunde chache tu baada ya kazi kuanza: mara nyingi hiyo ni dalili kwamba kipoza joto hakikukaa sawa juu ya prosesa, au pesti inayopakwa katikati yao imekauka au haikupakwa vizuri kiwandani. Angalia kama kiini kimoja kimeacha wenzake kwa digrii 20. Angalia kama feni moja inasoma sifuri. Angalia kasi: mtengenezaji huandika kasi ya msingi ya kila prosesa, na mashine ikishuka chini ya hapo kwa sababu ya joto, unapata chini ya ulichouziwa. Na kuzimika ghafla, jamani, hakuna kitabu cha mtengenezaji kinachokuita kawaida.

Kijana alifanya hivyo, na kabla yake alifanya yale yasiyogusa skrubu, ili asije akaambiwa hakujaribu. Aliitoa kitandani akaiweka mezani. Aliinua nyuma kwa vifuniko vya soda, viwili kila upande, na hili Mwalimu alilisifu maana ni bure. Alipunguza picha za mchezo zisizidi 60 kwa sekunde. Alizuia prosesa isiende kasi yake ya juu kabisa, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, asilimia 99 badala ya 100. Alisasisha BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, kutoka tovuti ya mtengenezaji. Digrii zikashuka kidogo, lakini feni ya kushoto ilibaki inasoma sifuri. Hapo kijiwe kizima kilisonya kwa pamoja. Wiki nzima tulikuwa tukilaumu blanketi na mlima, kumbe feni imekufa.

Muuzaji alipotumiwa video alinyamaza siku kadhaa, kisha akaandika kwamba joto la namna hiyo husababishwa na matumizi. Ebo! Matumizi ya laptopu ya gemu ni nini, kukunia nazi?

Mtu mmoja peke yake siku zote huambiwa anatumia vibaya, hadi waongezeke. Wenye Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, waliona taa tatu nyekundu na mashine kufa kwa sababu ya joto. Wengine waliifunga kwa taulo ikiwa imewashwa, wakiamini ikichemka zaidi itafufuka. Julai 2007 Microsoft ikakubali, ikarefusha waranti ya ugonjwa huo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kuulipia. Mwaka uliofuata Nvidia nao wakatangaza kutenga dola milioni 196 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa mapema, chipu zilizokuwa ndani ya mashine za makampuni yenye majina makubwa. Kabla ya matangazo hayo, mafundi wangapi walilaumiwa? Wazazi wangapi walimwambia mtoto umeiharibu wewe na michezo yako?

Wanaboda waliuliza swali zuri: sheria ya Kenya inasemaje? Inasema mengi kuliko kile kijitabu cha waranti. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na haki ya kulipwa kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi ubora hata kama hakutamka neno, na haki hizo hazifutwi na mkataba. Kwa hiyo yale maandishi yaliyogongwa chini ya risiti zetu, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayana ubabe yanaojitwalia mali yenyewe ikiwa mbovu. Malalamiko yanaweza kupelekwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza Milimani mwaka 2021: madai hadi shilingi milioni moja, hukumu ndani ya siku 60 kwa mujibu wa sheria, na huhitaji wakili. Shilingi 140,000 zinaingia humo bila kubanwa.

Tofauti ingekuwa kama laptopu ililetwa na binamu kutoka Dubai. Waranti nyingine ni za eneo la mauzo, na mwakilishi wa Nairobi atakuonyesha mlango kwa heshima zote. Muuzaji aliyekuuzia hapa hawezi kujificha nyuma ya hilo. Pesa alipokea yeye.

Mwalimu, yule wa ng'ombe wa gredi, ndiye aliyekaa na kijana kuandika barua pepe. Kiingereza chake ni kile cha zamani chenye "kindly". Hakuna matusi ndani. Tarehe ya kununua, namba ya mashine, feni inayosoma sifuri, kasi iliyoshuka, mara ilizozimika, video imeambatishwa, Sheria ya 2012 imetajwa mara moja tu, na siku 14 za kujibu. Jibu lilikuja siku ya pili. Leteni, tutabadilisha feni chini ya waranti. Neno kawaida halimo.

Sasa kijiwe kinabishana nani alipie mzigo wa kwenda Nairobi, na mimi nasema muuzaji, ingawa mwenye boda anasema tusichokoze nyuki tena. Kwa vyovyote, kijana anakili video zake za matanga kwenye diski ya nje kabla ya kutuma, maana huko hawaahidi kitu kuhusu mafaili. Anapiga picha pande zote nne, na kibandiko kikiwa kizima. Boksi la juu ya kabati limeshushwa. Na chaja iingie humo humo. Wakipokea laptopu bila chaja, watapata neno jingine la kusema.