Taa Haili Umeme: Shajara ya Wiki Moja

Jumatatu

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri kusahihisha madaftari ya kidato cha pili. Umeme haukuwapo. Nikawasha tochi ya betri tatu, ikatoa mwanga mwekundu kama kaa linaloelekea kuzima, na kabla sijafika mezani nikapiga teke ndoo ya maji. Madaftari kumi na moja yamelowa. Nimeyaanika kwenye kamba pamoja na nguo.

Nilipoifungua tochi nikakuta betri ya katikati imegeuzwa. Mwanangu alizitoa jana akazianika juani, kama wengi wetu tunavyofanya zikichoka, kisha akazirudisha gizani kwa kupapasa. Jua huipa betri joto, na joto huchangamsha kemikali zake kwa muda mfupi, lakini haliichaji. Kuigeuza ndiko kulikoniponza. Kila betri kavu ya tochi ina volti 1.5. Zikifuatana zote kwa upande mmoja, volti hujumlishwa zikawa 4.5. Moja ikielekea kinyume, inapunguza badala ya kuongeza: 1.5 na 1.5, toa 1.5. Balbu iliyohitaji volti 4.5 ilipata 1.5 tu.

“Mama, mimi nilidhani tochi imezila betri,” mwanangu akasema.

Neno hilo nitakutana nalo tena kesho. Somo la kesho ni saketi.

Jumanne

Nimeandika swali ubaoni. Mkondo unatoka upande wa chanya wa betri, unapita balbu ya kwanza, unapita balbu ya pili, unarudi upande wa hasi. Je, ni wapi mkondo ulipo mkubwa zaidi? Karibu darasa zima limejibu: kabla ya balbu ya kwanza. Nilipouliza sababu, msichana wa dawati la mbele akasimama. “Mwalimu, balbu ya kwanza imeshakula sehemu yake.”

Silidharau jibu hilo. Ndivyo lugha yetu inavyosema: pasi inakula umeme, friji inakula umeme. Nikawaambia tusibishane, tupime. Tuna mita moja ya kupimia umeme, betri ya pikipiki ya volti 12, na balbu ndogo za dashibodi za wati 1.2.

Hatukupima. Kijana mmoja aliwahi mita ikiwa imewekwa kwenye miliampea, akagusisha ncha zake mbili moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Ikaruka cheche ndogo, na mita ikaonyesha sifuri tangu hapo. Fyuzi ya ndani imekatika.

Muda uliobaki nimeutumia kueleza kilichotokea, kwa kuwa nacho ni somo. Mita inayopima mkondo lazima mkondo upite ndani yake, kwa hiyo huungwa kwenye njia ileile, kwa mfuatano na balbu. Ili isiuzuie mkondo inaoupima, hutengenezwa na ukinzani mdogo sana. Ukiiweka peke yake baina ya chanya na hasi umeufungulia mkondo barabara isiyo na kizuizi. Mita inayopima volti ni kinyume chake: ina ukinzani mkubwa, na huungwa sambamba, ncha moja kila upande wa kitu kinachopimwa. Kijana ameomba radhi mara mbili. Fyuzi imefanya kazi yake, imekufa ili mita ibaki hai.

Swali limebaki ubaoni. Nimemwomba mwanafunzi wa zamu asilifute.

Jumatano

Upande wa volti wa mita haupiti kwenye fyuzi ile, kwa hiyo bado unafanya kazi. Leo tumeunga balbu nne kwa mfuatano. Hakuna iliyowaka. Wanafunzi wameanza kuzibadilisha moja moja, na kipindi kikawa kinakwisha.

Nikawasimamisha. Tumeweka ncha za mita kwenye balbu ya kwanza: sifuri. Ya pili: sifuri. Ya tatu: volti 12.4, yaani volti zote za betri. Ya nne: sifuri. Darasa likasema ya tatu ndiyo nzima kwa sababu ndiyo yenye umeme. Nikamwita mmoja aiguse. Ilikuwa imelegea kwenye holda. Akaikaza, zote nne zikawaka, kila moja kwa unyonge.

Jambo hili huwachanganya hata mafundi wanaoanza. Njia ikikatika mahali pamoja, mkondo husimama kote, na balbu nzima hazipati mgao wowote wa volti. Volti zote hujikusanya kwenye pengo. Njia ikifunga, volti hugawanyika, na jumla ya mgao ni ileile ya betri. Nne zilizofanana zimepata takriban volti 3.1 kila moja. Gustav Kirchhoff aliiweka kanuni hii mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu kule Königsberg. Nimewatajia umri wake, miaka 21, na nyuma kukawa kimya.

Kisha tumeziunga sambamba. Nimechomoa moja, tatu zikaendelea kuwaka kwa mwanga uleule. Nimewauliza kama taa ya sebuleni ikiungua jikoni huzima. Wamejibu hapana, na wameelewa nyumba zao zimeungwaje.

Alhamisi

Hapa Muheza machungwa hayakosekani, nami nilitaka darasa lione betri ikizaliwa. Jana usiku nilichukua manne jikoni, nikachoma kila moja msumari wenye mipako ya zinki na kipande cha waya wa shaba uliokunwa. Alessandro Volta alifanya hivyo mwaka 1800 kwa metali mbili tofauti na maji ya chumvi. Sisi tuna tindikali ya chungwa. Chungwa moja lilinipa volti 0.9. Manne kwa mfuatano yalinipa 3.6.

Darasani nikaunga balbu ya tochi. Haikuwaka hata kidogo. Volti zilizokuwa 3.6 zikashuka karibu na sifuri mara tu balbu ilipoungwa. Nilikuwa nimewaahidi mwanga, na wamesubiri dakika nzima wakiangalia balbu yenye giza.

Nikatafuta taa ndogo nyekundu ya LED, nikaiunga, tukafunga madirisha. Ikang'aa hafifu, nukta nyekundu. Wamepiga makofi. Tofauti iko ndani ya chungwa lenyewe. Kila betri ina ukinzani wake wa ndani, na wa chungwa ni mkubwa mno. Balbu ya tochi inahitaji mamia ya miliampea. Chungwa haliwezi kutoa hata miliampea chache bila volti kumezwa humohumo ndani. LED huonekana kwa mkondo mdogo sana. Ndiyo sababu pia betri iliyochoka huonyesha volti nzuri ikiwa peke yake na kuanguka ikipewa kazi. Betri ipimwe ikiwa kazini.

Nyumbani mama mkwe ameuliza machungwa yake ya wageni yako wapi. Nimemweleza, nikamwomba radhi, nikaenda kununua mengine. Yale ya jaribio yana zinki ndani. Nimeyafukia yasije yakaliwa na mtoto.

Ijumaa

Fundi redio wa stendi amenipatia fyuzi ya miliampea 200. Nimeipachika kabla ya kipindi, na kijana wa Jumanne ndiye niliyempa mita. Mikono yake ilitetemeka. Akasoma maandishi kwenye mita, akayasoma tena, akaiunga njiani.

Balbu mbili kwa mfuatano. Kabla ya balbu ya kwanza: miliampea 69. Baina ya balbu mbili: 69. Baada ya ya pili, kwenye njia ya kurudi betrini: 69. Msichana wa dawati la mbele ameomba aone mwenyewe. Amepima mahali pote patatu, akapata yaleyale, akaketi.

Mkondo hauliwi. Kinachopita kwenye waya ni chaji, na kila chaji iliyoondoka hurudi. Balbu huchukua nishati ambayo chaji zimebebeshwa na betri, ikaigeuza mwanga na joto. Wabebaji wanashusha mzigo wakirudi idadi ileile. Betri inapokwisha si kwamba chaji zimekwisha. Kemikali zilizokuwa zikizibebesha mzigo ndizo zimechakaa.

Akauliza tena: “Mwalimu, balbu moja peke yake imetumia 102. Mbili zikifuatana mbona si 51?” Swali hilo limenifurahisha kuliko yote ya muhula huu. Kanuni ya Georg Simon Ohm ya mwaka 1827, volti ni mkondo mara ukinzani, huleta mstari ulionyooka pale ukinzani usipobadilika, na ukinzani wa metali hupanda na joto. Balbu mbili zikigawana volti, nyuzi zake hazipati moto sana, ukinzani wake hupungua, mkondo ukazidi nusu. Mbili sambamba tumezihesabu tu, 102 mara mbili, kwa kuwa 204 inazidi fyuzi yetu.

Nimefuta swali ubaoni mimi mwenyewe.

Jumamosi

Vifaranga wangu wamejikunyata kwenye kona moja, mmoja juu ya mwingine. Taa niliyowawekea ni balbu ya gari ya volti 12, wati 21, inayolishwa na betri ya sola iliyoko ndani ya nyumba. Banda liko mita 20, na nilivuta waya wa spika kwa sababu ndio niliokuwa nao.

Nimepima. Kwenye betri: volti 12.4. Bandani: 10.2. Volti 2.2 zimebaki njiani. Waya ule ni wa nusu milimita ya mraba. Kwenda na kurudi ni mita 40, na ukinzani wake unafika omu 1.4. Gawanya 2.2 kwa 1.4, mkondo ni karibu ampea 1.6. Bandani zinafika wati 16 tu, na wati tatu na nusu zinapasha moto waya. Darasani tunachora waya kama mstari usio na ukinzani. Shambani waya nao ni kizuizi, hasa kwenye volti ndogo ambako kila volti inayopotea ni sehemu kubwa.

Nimenunua waya wa mbili na nusu. Bandani sasa zinafika volti 11.9. Kabla ya magharibi vifaranga walikuwa wametawanyika sakafuni.

Jumapili

Nimetumbukiza betri ya volti 9 mkobani niipeleke Jumatatu shuleni. Katikati ya ibada nikahisi joto ubavuni. Vichwa viwili vya betri viliguswa na rundo la funguo. Nimetoka nje, nikaitoa kwa kitambaa cha kanga, nikaiweka kwenye kivuli mpaka ikapoa. Hiyo ndiyo shoti: chanya na hasi zimekutana kupitia metali, bila balbu wala kitu cha kuubana mkondo, na nishati yote ikageuka joto ndani ya betri na kwenye metali. Betri imekufa. Kipande cha utepe wa gundi juu ya vichwa vyake kingetosha kuikinga.

Nimeyapitia maandishi ya wiki nzima. Betri iliyogeuzwa, fyuzi iliyokatika, balbu iliyolegea, chungwa lisilo na nguvu, waya mwembamba, funguo mkobani. Kila mara jibu lilipatikana kwa kuufuata mkondo kutoka chanya hadi hasi na kuuliza: njia imefunga? Imefunga mapema mno? Ina kizuizi wapi?

Kwa hiyo namwomba mwanafunzi anayesoma haya afanye vivyo hivyo. Chukua betri kavu mbili, balbu ya tochi na waya, uufuate mkondo kwa kidole mpaka urudi ulikoanzia. Usifanye jaribio lolote kwenye soketi ya ukutani. Kule kuna volti 230, na zinaua. Na ukinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, ujue unalipia kilowati-saa, yaani nishati.