Muulize Shangazi Majivu: Nani Ameniloga Jiko?

Wiki hii barua zimetoka Chala, kule Taveta. Kila mwandishi ana mshtakiwa wake, na hakuna hata mmoja aliyejitaja mwenyewe.

*Shangazi, nakaanga mandazi Njukini. Juzi nilitoka kidogo kumtafutia mteja chenji, karai likashika moto. Nikarudi mbio, nikalimwagia jagi la maji. Moto ukaruka hadi darini! Jirani naye anauza mandazi. Ni yeye, sivyo?*
— Nyusi Zimeungua

Pole, mwanangu. Jirani muache, wateja wako amewapata bila uganga. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na mafuta yakishawaka yameshapita 300. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yalizama mpaka chini ya karai na kugeuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji hutoa mvuke wa lita kama 1,700. Mvuke huo ulipokuwa unatafuta pa kutokea, ulibeba mafuta yanayowaka ukakuletea usoni. Siku nyingine zima jiko kama mkono unafika salama, funika karai kwa sinia la bati, ukae kando. Usilibebe kulipeleka nje. Usifunue kuchungulia hadi lipoe kabisa. Na chenji iwekwe ndani ya mkebe, karibu na jiko.

*Shangazi, mke wangu kila siku ananisumbua eti meko ya gesi inavuja. Nikamwambia ni pua yake tu. Usiku nikawasha kibiriti kumwonyesha kwamba hakuna kitu. Sasa hatuna pazia wala godoro, na mama mkwe amehamia kwetu "kusaidia". Naamini walipanga.*
— Mwenye Nyumba

Shemeji, gesi ya mtungi kwa asili haina harufu. Ule uvundo hutiwa makusudi, ili pua kama ya mkeo ipate kazi. Tena ni nzito kuliko hewa: haipandi ikatoka dirishani, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kitanda ikingoja cheche. Usiku wa 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, na moto ukawafuata watu majumbani mwao. Ukinusa gesi, funga valvu, fungua mlango na dirisha, toa watu nje. Swichi ya umeme usiiguse hata kwa kuizima. Kuvuja hupimwa kwa povu la sabuni: lipake pale kichwa cha meko kinapoingia kwenye mtungi, na likifura mapovu, hapo ndipo panapovuja. Kibiriti kinapima pia, ila majibu yake umeyaona. Mama mkwe mkaribishe vizuri. Kwa sasa godoro lililopo ni lake.

*Shangazi, jioni nilimwaga majivu ya jiko nyuma ya nyumba. Usiku wa manane nyasi zikawaka mpaka kwenye zizi la mbuzi. Nashuku vijana wavuta sigara. Halafu Ziwa Chala zima liko hapa, kwa nini halikutusaidia?*
— Mfugaji

Vijana hawana hatia, angalau kwa hili. Majivu ni blanketi la kaa la moto: kaa lililofunikwa vizuri hubaki hai usiku, upepo ukilifunua tu linaanza kazi. Majivu yamwagie maji, koroga, mwagia tena, ndipo uyatupe mbali na nyasi. Hapa ndipo maji yanapofaa, si kwenye karai la Nyusi. Ama ziwa, usilionee. Limo ndani ya kreta yenye kuta zinazofikia kama mita 100, na upande wa pili ni Tanzania. Ukishuka na ndoo, ukapanda nayo, mbuzi wameshakuwa nyama choma. Ndoo ya maji ikae mlangoni pa jiko, na nyingine ya mchanga.

*Shangazi, kila nikianza kukuandikia barua, maharagwe yanaungua. Mchawi ni nani?*
— Msomaji Mwaminifu

Kalamu. Zima jiko kwanza, ndipo uniandikie. Na kama umeisoma safu hii yote huku sufuria iko motoni, barua yako ya wiki ijayo nimeshaijibu.