Chepe Lenye Dira

Kuna wanaume ambao wakiingia dukani kununua misumari hutoka na kitu kingine kabisa, na misumari wakaisahau. Mhasibu mmoja wa Arusha ni wa kundi hilo. Rafiki zake walipopanga kwenda kupiga kambi Ziwa Eyasi, walimpa kazi moja tu: kuleta kitu cha kuchimbia. Hakwenda soko la Kilombero, ambako majembe hupangwa chini na muuzaji anakugongea moja usikie mlio wake. Alikwenda duka lenye kiyoyozi, akarudi na chepe la kukunja.

Lilikuwa chepe la kupendeza. Likikunjwa linaingia kwenye mfuko wenye zipu. Likikunjuliwa lina meno ya msumeno ubavuni na kifungua soda karibu na shingo. Ukiuzungusha mpini unafunguka, na ndani yake mna kisu, filimbi, kifaa cha kuwashia moto na dira. Kuanzia Makuyuni hadi Karatu dira ile ilipita mkono hadi mkono, kila mmoja akithibitisha wanakoelekea, ingawa barabara ni moja na ina lami.

Eyasi ni ziwa la magadi. Kiangazi maji yake hupungua sana, ufuko ukabaki tambarare nyeupe inayomshawishi kila dereva kukanyaga mafuta. Juu kuna ukoko mkavu. Chini yake kuna tope. Gari lao lilikwenda vizuri mpaka ukoko ulipochoka kulibeba. Magurudumu ya nyuma yakazama, gari likakalia tumbo.

Chepe likatolewa mfukoni kwa heshima zote. Pigo la kwanza lilizoa tope la kujaza kiganja. Mpini haukufika hata gotini, kwa hiyo mhasibu alilazimika kupiga magoti, na alipopiga magoti naye akaanza kuzama. Kisha tope likaingia kwenye skrubu inayolishika jani. Skrubu ikagoma kukaza, na tangu hapo chepe likawa linasalimu amri kila likigusa ardhi: linainama, linajikunja, linamfinya mwenyewe kidole. Filimbi tu ndiyo iliyofanya kazi iliyotarajiwa. Waliipuliza.

Mang'ola, kando ya ziwa hilo, ni nchi ya vitunguu, na penye vitunguu hapakosi mkulima. Akatokea mzee mmoja, jembe begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Poleni na safari." Akalitazama gari, kisha akamtazama mhasibu. "Na hicho kijiko, mnapakulia nini?"

Mzee alivua kandambili, akafungua njia mbele ya kila gurudumu kwa mapigo machache yasiyo na haraka. Hata hivyo jembe nalo lina mipaka yake: chini ya tumbo la gari hakuna nafasi ya kulinyanyua. Hapo akamtuma mjukuu wake kuleta chepe la mpini mrefu, lile la kawaida la mafundi ujenzi, ambalo mtu anasimama kando na kulisukuma hadi kwenye ekseli. Wakapunguza upepo wa matairi, wakatandika matawi, wakasukuma. Gari likatoka, na tope lililoruka likagawanywa kwa usawa miongoni mwa wasukumaji.

Chepe la kukunja si utapeli. Limetengenezewa mtu mwingine. Mwaka 1869 ofisa wa jeshi la Denmark, Mads Linnemann, alibuni chepe fupi la askari wa miguu. La Warusi lililotokana nalo, MPL-50, lina urefu wa sentimita 50 tu. Wajerumani walileta la kukunja mwaka 1938, na Wamarekani wakafuata na lao mwaka 1943. Ufupi huo una sababu: askari huchimba akiwa amelala kifudifudi, risasi zikipita juu, na mali yake yote iko mgongoni. Mhasibu hakuwa akipigwa risasi na mtu yeyote, na kwenye buti la gari alikuwa na nafasi ya meza, viti na jiko la mkaa.

Tamaa ya chombo kimoja kufanya kila kitu imewaponza hata wenye majeshi. Mwaka 1913 waziri wa ulinzi wa Canada, Sam Hughes, alilipigia debe chepe ambalo lingekuwa pia ngao. Hataza yake ilikuwa kwa jina la katibu wake, Ena MacAdam. Katikati ya jani lilitobolewa tundu ili askari alisimike mbele yake, achungulie na kufyatua. Yalinunuliwa 25,000, kila moja kwa dola 1.35. Ikaja kudhihirika kuwa jani halizuii risasi, kulibeba ni mzigo, na ukichimbia, udongo unavujia tunduni. Mwisho wake yaliuzwa kama chuma chakavu.

Kinachoamua chombo ni udongo. Ardhi iliyokauka kiangazi inataka ncha nyembamba yenye uzito, yaani sururu au mtaimbo. Mchanga na tope vinataka jani pana la kuzolea, na hapo ndipo penye kazi ya chepe. Udongo mweusi wa mbugani ndio mkorofi kuliko wote: jua likiwaka hupasuka nyufa, mvua ikinyesha hung'ang'ania jani mpaka unajikuta unanyanyua udongo uleule tangu asubuhi. Huo unataka kijiti cha kukwangulia mfukoni.

Huko huko Eyasi, wanawake wa Kihadzabe huchimba mizizi ya chakula kwa mti ulionyooka, uliochongwa ncha kwa kisu na kukaushwa motoni. Ncha ikifa, wanachonga nyingine papo hapo na kuendelea. Mti ukivunjika, duka la vipuri ni kichaka kilicho karibu. Jembe nalo lina sifa hiyo, kwani mpini wake hupatikana popote penye mti mgumu na panga. Si ajabu kwamba Unyamwezi, katika karne ya 19, majembe ya chuma yalitumika kulipia mahari. Hebu mtu ajaribu kupeleka ukweni chepe lenye kifungua soda.

Kazi moja chepe la kukunja linaiweza bila kulalamika: shimo la anayekwenda kuchimba dawa. Linatakiwa liwe na kina cha sentimita 15 hadi 20, umbali wa mita 60 hivi kutoka kwenye maji, na lifukiwe. Tatizo ni kwamba ukionekana nalo mkononi, kambi nzima inajua uendako.

Kwa safari ya gari, basi, chukua chepe la mpini mrefu wa mti, jembe na panga. Dukani litikise: jani likicheza pale, porini litang'oka. Na ukiazima jembe la mwenyeji, likwangue tope ulirudishe siku hiyo hiyo, maana kesho alfajiri ana vitunguu vya kupalilia.