Nakala ni za Waoga

Tuwavulie kofia mashujaa wanaohamia toleo jipya la Windows bila kuhifadhi faili zao pembeni. Wanaonakili kwanza ni wale wale wanaofunga mkanda kwenye gari na kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Kwani Microsoft hukosea? Oktoba 2018, sasisho la Windows 10 lilifuta nyaraka na picha za baadhi ya watu, likasitishwa baada ya siku chache. Usafi tu ule. Diski ya nje ya nini? Tasnifu ya miaka mitatu imetulia pale kwenye skrini, jina lake “MWISHO_kabisa_2”. Bonyeza “Endelea”, kachemshe chai. Wasimamizi wa tasnifu wanajulikana kwa huruma.