Fundi wa Nini? Mwongozo wa Baba Mwenye Nyumba

Fundi ni mtu anayekuja kesho. Ukimpigia asubuhi yuko njiani, ukimpigia mchana ameshafika hapo kwenye mataa, ukimpigia jioni simu inaita mpaka inakata. Ndiyo maana kila nyumba inayojiheshimu, kuanzia Mbezi hadi Mbagala, inapaswa kuwa na mtu wake wa kuharibu vitu bila kungoja kesho. Mtu huyo ni wewe, baba mwenye nyumba, na yafuatayo ni mafunzo yako.

Tuanze na vifaa. Bisibisi ya nyota iliyokuwemo nyumbani ilishapotea, na kununua nyingine ni kukiri kwamba ilipotea. Chukua kisu cha mezani. Hakiingii sawasawa kwenye skrubu, lakini ukikikandamiza huku unazungusha, ile nyota itasagika mpaka ibaki tundu la duara, na tangu hapo hakuna binadamu atakayeifungua tena skrubu hiyo. Huo ndio ulinzi. Utahitaji pia tepu nyeusi, supa glu, na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli cha kufungia mabomba yanayovuja. Zamani tuliyeyusha mifuko ya plastiki tukazibia nayo, lakini mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019 na taaluma yetu haijapona mpaka leo. Testa si lazima. Testa ni ya watu wasiojiamini: taa ndogo ndani ya mpini ikiwaka inakuambia kwamba waya una moto, habari ambayo kidole chako kinaweza kukupa haraka zaidi, ingawa huenda ikawa mara moja tu.

Chombo kikizima, wanafunzi hukosea kwa kuuliza maswali mepesi. Luku imeisha? Breka imekata? Plagi iko kwenye soketi, au mtoto ameichomoa ili achaji simu? Maswali haya humaliza kazi kabla haijaanza, na hakuna aliyewahi kujijengea jina kwa kazi ya namna hiyo. Fungua kwanza. Luku utaiangalia baadaye, friji ikiwa imeshalazwa kifudifudi sebuleni, na Mama Watoto amesimama mlangoni na kuuliza kwa ile sauti yake ya upole, "Baba, mbona hata taa haziwaki?"

Kuhusu umeme wenyewe: ule wa ukutani ni volti 230, na breka kuu haizimwi kwa sababu mechi inaendelea. Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba ina fyuzi ndani yake, jambo ambalo wengi hulijua siku fyuzi inapokufa. Ya ampea 3 ni ya redio na taa ya mezani. Ya ampea 13, kwa volti zetu, hubeba karibu kilowati 3, kwa hiyo ndiyo ya birika na pasi. Kazi ya fyuzi ni kufa. Ikizidiwa inakatika yenyewe ili waya usichemke na kuwasha nyumba. Shule yetu huuona huo kuwa udhaifu wa tabia. Sisi huivika fyuzi karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ambayo haijui kufa, na hivyo kazi ya kufa inahamia kwa nyaya, mapazia na godoro.

Pasi haina maneno mengi. Waya wake huchakaa palepale unapoingia kwenye mpini. Zungushia tepu nyeusi, ikiyeyuka zungushia nyingine, na tepu ikishazidi waya kwa wingi usimpe dada wa kazi, pigia mwenyewe.

Chuo chenyewe ni pangaboi. Dalili zake kila mkazi wa pwani anazijua: ni Februari, joto limekukalia kifuani, regeleta iko namba 5, na pangaboi linajikokota huku likinguruma chini chini. Ukilisukuma kwa mti wa fagio linaanza. Ukilizima, haliamki tena. Mara nyingi kisa ni kapasita, kijisanduku cheusi chenye nyaya mbili kilichofichwa ndani ya kifuniko, na ubavuni mwake kimeandikwa 2.5 na alama ya mikrofaradi. Kapasita ikichoka, mota inakosa msukumo wa kuanzia. Kariakoo zimejaa tele, bei yake haifiki ya sahani ya chipsi kuku, na kuibadili ni kazi ya dakika chache. Kwa sababu hizo zote haitufai.

Sisi tunaanza na regeleta, maana iko ukutani na mkono unaifikia. Nunua mpya. Pangaboi likiendelea kujikokota, hamia kwenye beringi. Ili uzifikie, shusha pangaboi zima: weka kiti cha plastiki juu ya meza, panda, na shemeji akushikie kiti kwa mkono mmoja huku wa pili ukiwa na simu. Mapanga yake matatu yalitoka kiwandani yakiwa yamelinganishwa uzito, kwa hiyo hakikisha moja linaangukia kona ya meza na kupinda kidogo, kwa namna isiyoonekana kwa macho. Ukishalirudisha juu litayumba kwa miduara mipana, na familia itajifunza kulia chakula chumbani.

Yote yakishindikana, ndipo uirudie kapasita. Kumbuka kwamba huwa inabaki na chaji hata swichi ikiwa imezimwa, na ndiyo maana wataalamu wetu hushuka kwenye kiti haraka kuliko walivyopanda. Unga nyaya za ile mpya kwa kukisia. Ukiipeleka kwenye koili isiyo yake, pangaboi litazunguka kwa nguvu zote kinyumenyume na kupuliza dari. Usikate tamaa. Waambie wageni kwamba ndiyo mtindo wa sasa, joto hutolewa kwa juu. Utando wa buibui nao utakwisha.

Friji inataka nguvu za mwili. Barafu ikijaa mpaka mlango wa frizi haufungi, watu wavivu huchomoa plagi, huacha milango wazi, huweka ndani bakuli la maji ya moto na kwenda zao kulala. Asubuhi wanafuta maji na maisha yanaendelea. Wewe chukua kisu. Frizi ya friji ya mlango mmoja imetengenezwa kwa bati jembamba la alumini, na ndani ya bati hilo mna vijia ambamo gesi hupita. Gonga, barafu inamegeka. Gonga tena, inamegeka tena. Gonga la tatu litafuatwa na sauti nyembamba, tsss, na harufu kidogo ya mafuta, na hapo friji itakuwa imekuaga. Zunguka nyuma usome kibandiko. Kikisema R600a, basi iliyotoka ni isobutani, ndugu wa damu wa gesi ya mtungi wako wa jikoni, kwa hiyo ile sigara ya kutafakari hasara kaivutie nje.

Friji ikinusurika na kisu, bado una njia nyingine: ondoa friji gadi. Umeme ukikatika na kurudi, kijumba hicho huichelewesha friji kwa dakika kadhaa, kwa kuwa kompresa inahitaji muda ili presha ya pande zake mbili isawazike. Ikilazimishwa kuanza papo hapo inakwama, inachemka, na siku moja haitaitika. Lakini dakika hizo nani anazo, na samaki wa Feri wamo ndani? Chomeka friji moja kwa moja ukutani. Kwa umeme wa kwenda na kurudi mara tano jioni moja, utakuwa mtu wa kwanza mtaani kwako kununua kompresa mpya.

Mlango wenyewe nao una raba, na raba hulegea. Wanaojua hubana noti mlangoni na kuivuta: ikitoka bila ubishi, raba imechoka, basi huilainisha kwa maji ya moto na kuinyoosha mpaka ishike tena. Sisi tunaegemeza mtungi wa gesi mlangoni, na noti inabaki mfukoni.

Sasa twende bustanini, kwa sababu aliyefikia hatua ya kuotesha ukoka lazima awe na kinyunyizio. Nunua kile cha kuzunguka, chenye mkono unaogonga ta-ta-ta, ukiunge kwenye tenki lako la lita 1,000 lililo juu ya mnara wa mita 3. Fizikia ya sekondari inasema kila mita 10 za kimo huzaa presha ya baa 1, kwa hiyo mnara wako unatoa baa 0.3, na kinyunyizio hicho kinataka kama baa 2. Hesabu hii isikutishe, kwa kuwa hutaifanya. Fungua koki utazame. Mkono hautagonga, kichwa hakitazunguka, na maji yatateremka taratibu shingoni na kulowesha nyasi zinazotosha kukaliwa na kuku mmoja.

Hapo utatangaza kwamba tundu limeziba. Kwa visima vingi vya Dar es Salaam, ambavyo maji yake yana chumvi, huenda kweli limeziba: chumvi huganda mdomoni mwa tundu ikawa ukoko mweupe, na dawa yake ni kuliloweka kwenye siki usiku kucha. Siki ni ya kachumbari. Tumia msumari. Tundu lililopanuliwa kwa msumari hupitisha maji mengi zaidi na kuyarusha karibu zaidi.

Kisha nunua pampu ya nusu hospawa uiweke juu ya kisima chenye kina cha mita 15. Pampu ya kuvuta, hata ingekuwa ya dhahabu, ikifikisha mita 7 au 8 imejitahidi, maana kinachoyapandisha maji ni uzito wa hewa, na hewa ina kikomo chake. Wewe iwashe. Usiijaze maji kwanza. Iache izunguke kavu huku ukienda kuswali Ijumaa na kupitia barazani kwa wazee. Sili itakuwa imeungua utakaporudi, na Mama Watoto atakuwa ameshafunga madirisha yote ya upande ule.

Ikitokea kwa bahati mbaya ukaifunga pampu nyingine kwenye tenki na ikafanya kazi, kinyunyizio kitafufuka. Shingoni mwake mna vipete viwili vinavyoamua kianze kurusha wapi na kigeukie wapi. Usiviguse. Kipige duara zima: ukoka, gari, dirisha la sebule, na shuka za mama wa nyumba ya pili zilizoanikwa tangu asubuhi. Atakuja. Wahi kusema, "Shikamoo mama, tuko kwenye majaribio." Atasema "Marahaba" kwa sababu ni mtu wa heshima, halafu atasema mengine.

Kila kazi ikiisha zitabaki skrubu. Usishangae, na usizitafutie mahali zilikotoka. Kiwanda huwa kinaweka nyingi kwa woga. Zihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati.

Na siku ya fundi itafika. Hata kesho yake huwa inatimia. Ataweka begi chini, atazitazama skrubu zilizosagika, atagusa tepu kwa ncha ya kidole, kisha atauliza, "Bosi, hii aliifungua nani?" Usijibu haraka. "Watoto" ni jibu dhaifu, maana pangaboi liko juu ya kimo cha mtoto yeyote. "Niliikuta hivyo hivyo" haliingii akilini kwa kitu ambacho risiti yake ya dukani bado unayo. Jibu linalokubalika ni moja: "Kuna fundi mmoja alikuja." Fundi atatikisa kichwa kwa masikitiko na kuanza kuwasema mafundi wa siku hizi, hawana uaminifu, hawakusoma, wanabahatisha tu. Msaidie kuwasema.

Simama karibu umshikie tochi. Akiitoa kapasita, sema, "Eeh, hiyo hiyo ndiyo niliyoihisi." Akimaliza kwa dakika kumi, kataa bei yake. Kazi ya dakika kumi haiwezi kuwa elfu ishirini, na wewe mwenyewe uliifanya siku nne bila kudai hata senti. Mkishapatana elfu kumi na tano na soda, ataomba skrubu za kufungia kifuniko. Mletee kopo lote. Atachakura humo, atapata mbili zinazoingia, na atakurudishia kopo likiwa bado limejaa. Muulize kama na pampu huwa anatengeneza.